Saa Sita kwa Saa Moja

Wazia, msomaji mpendwa, mtu mmoja wa mji wa Lausanne katika nchi ya Uswisi. Ni mwalimu wa hesabu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili. Hana deni kwa mtu. Juu ya meza yake kuna kisanduku cha mbao chenye vyumba sita vilivyotandikwa kitambaa laini, na katika kila chumba imelala saa moja ya mkono. Zote sita ni nzima na zote zinakwenda. Hata hivyo, jioni moja amekaa mbele ya kisanduku hicho na karatasi na kalamu, akijumlisha bei za zile sita, apate kujua kama zikiuzwa zote zitatosha kununua moja tu, ambayo ameitamani tangu ujana wake.

Saa anayoitamani ni Calatrava, kazi ya nyumba ya Patek Philippe ya Geneva. Saa za namna hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 1932. Si kubwa, wala haijionyeshi: ni duara, uso mweupe, mishale myembamba, ukanda wa ngozi. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane aliiona katika dirisha la duka, akasimama mbele yake hata gari lake likamwacha. Sasa imepatikana moja iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, na bei yake ni franka 15,500 za Uswisi.

Mtu huyo ametungwa kwa ajili ya mfano tu. Lakini watu walio kama yeye ni wengi, huko Ulaya, Marekani, Japani na nchi za Ghuba. Wanakusanya saa kama wengine wanavyokusanya ng'ombe, na siku moja wanajiuliza swali lile lile: je, inafaa kutoa nyingi ili kupata moja? Huenda msomaji hatafungua kamwe kisanduku cha namna hiyo. Lakini yeye aliyefikiri kuuza mbuzi wake saba ili anunue ng'ombe mmoja, au kuuza baiskeli, cherehani na redio ili anunue pikipiki, amekwisha kulikuta swali hilo mlangoni pake. Basi na lichunguzwe kwa utaratibu.

Kwanza: ni kitu gani kinachonunuliwa?

Mtu asiseme upesi kwamba mwalimu huyo anataka kujua saa. Kama ni hilo tu, mambo yangekuwa rahisi. Ndani ya saa ya kamani, yaani ile inayotiwa ufunguo, kuna utepe wa chuma uliokunjwa. Utepe huo unapokunjuka unasukuma magurudumu ya meno, na gurudumu dogo linalokwenda huku na huku ndilo linaloyazuia na kuyaachilia kwa kipimo. Katika saa nyingi za siku hizi gurudumu hilo hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kwa kila sekunde, na kwa siku nzima mara 691,200. Ni kazi ya ajabu. Lakini tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa iliyoongozwa na kipande cha jiwe la kwatsi na betri. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, sawa na bei ya motokari ndogo. Leo saa za kwatsi huuzwa sokoni kwa bei ya chakula cha siku moja. Jiwe lake hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mwezi mzima halikosei ila sekunde chache. Saa ya kamani iliyo bora, yenye cheti cha wapimaji wa Uswisi, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa kila siku moja.

Basi saa ya bei ndogo humshinda yule bingwa wa Geneva katika kazi yenyewe ya saa. Kwa hiyo mwalimu hanunui wakati. Ananunua nini? Pengine ni uzuri wa kazi ya mikono. Pengine ni kumbukumbu ya ujana. Pengine ni heshima, yaani macho ya watu watakaoiona mkononi mwake. Sababu hizo tatu si sawa. Anayependa kazi nzuri hupenda kitu kilicho nje yake. Anayependa kumbukumbu hupenda kitu kilicho ndani yake. Anayependa macho ya watu hajapenda saa hata kidogo, na saa yo yote yenye jina kubwa ingemtosha. Kipimo chake ni rahisi: kama angekatazwa kumwonyesha mtu awaye yote, je, angeitaka bado? Ajibu hilo kabla ya kushika kalamu.

Pili: je, ni halali?

Kuna atakayeinuka na kusema: franka 15,500 kwa saa moja, na huku maskini wako mlangoni! Neno hilo si dogo, wala lisijibiwe kwa kejeli. Ni kweli kwamba haki hutangulia. Mwenye deni alipe kwanza. Mwenye watoto awalishe na kuwasomesha kwanza. Aliye na jirani mwenye njaa asipite kando. Mtu asiyetimiza hayo hana ruhusa ya kusema, "Ni mali yangu," kwa maana sehemu ya mali hiyo imekwisha kuwa ya wengine.

Lakini aliyetimiza haki hakatazwi kuwa na kitu kizuri. Kazi nzuri ya mikono ya watu ina heshima yake, na anayeinunua humlisha fundi. Mwaka 1970 watu wapatao 90,000 walifanya kazi ya saa katika Uswisi. Baada ya saa za kwatsi kuenea, katikati ya miaka ya 1980 walibaki kidogo zaidi ya 30,000. Mabonde mazima yalinyamaza. Kama sanaa ile haikufa, ni kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kulipia kitu kisichohitajiwa tena kwa matumizi. Basi mwalimu wa Lausanne asishitakiwe kwa sababu anapenda. Ila asiliite pendo lake "haja". Haja ni mkate. Hili ni tamanio, na tamanio likijua jina lake hukaa mahali pake.

Tatu: je, ni hekima?

Hapa wazee wamegawanyika. Mmoja asema: "Mshika mbili, moja humponyoka." Sita zinadai mioyo sita. Kila moja inataka kusafishwa na fundi baada ya miaka kadhaa, kila moja inataka zamu yake mkononi, na mwenye nazo hugeuka kuwa mtumishi wa kisanduku chake. Afadhali kitu kimoja kinachopendwa kabisa kuliko vitu sita vinavyopendwa nusu nusu. Na Injili ya Mateo, katika sura ya 13, ina habari ya mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri; alipoona moja ya thamani kubwa akaenda akauza vyote alivyokuwa navyo, akainunua. Mfano huo wasema juu ya Ufalme wa mbinguni, si juu ya vito. Lakini usingefahamika kama watu wasingejua kwamba kutoa vingi kwa ajili ya kimoja kunaweza kuwa akili njema.

Mzee wa pili, mtu wa pwani, ajibu: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Yaani, usitupe mkeka wako mkuukuu kwa ajili ya mkeka mzuri unaopitishwa tu mbele yako. Saa ya dirishani inang'aa kwa sababu iko dirishani. Haijaanguka, haijachelewa, haijadai fundi. Mtu huilinganisha na zile sita anazozijua kwa makosa yao, na hivyo hukumu imekwisha kupotoka kabla ya kesi kuanza. Na zaidi ya hayo, hata zile sita zilikuwa ndoto zamani. Kila moja ilitamaniwa, ilipatikana, ikazoewa. Ni nani aliyemhakikishia kwamba ya saba haitazoewa?

Nani ana haki? Mtazame tena mfanyabiashara wa lulu, kwa kuwa jibu limo katika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mtu huyo aliuza vyote. Baada ya hapo hakuwa tena na kitu cha kufanyia biashara. Siku aliyonunua lulu ndiyo siku aliyoacha kutafuta lulu. Hapo ndipo palipo tofauti. Kama kununua kutamaliza kutafuta, mwenye kuuza amefanya vema. Lakini kama saa hii ni ngazi ya kupandia saa nyingine, basi hakuuza sita kwa moja; ameendeleza tu njaa yake kwa bei kubwa zaidi. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alionya zamani kwamba kila kitu kina matumizi mawili: kiatu huvaliwa, na kiatu hubadilishwa kwa kitu kingine, na kwamba mtu anayeishi kwa kubadilishana tu hana mpaka wa kumwambia "imetosha". Mkusanyaji anayeitazama kila saa na kuuliza "itauzwa kwa kiasi gani?" amekwisha kuacha kuvaa kiatu.

Kwa hiyo na kipimo cha pili ni hiki: kama kesho bei ya Calatrava ingeanguka nusu, je, mwalimu angefurahi bado kuwa nayo? Kama angefurahi, anapenda saa. Kama angelia, alipenda bei.

Nne: ni kitu gani kisichopasa kuuzwa?

Sasa karatasi ya mwalimu isomwe. Ameandika hivi: Omega Speedmaster ya zamani, franka 7,000, Zenith El Primero, 4,500, Tudor, 3,000, Seiko ya wapiga mbizi, 600, Longines aliyoachiwa na baba yake, 400, na Swatch ya plastiki aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, 30. Jumla ni franka 15,530. Zinatosha, na franka 30 zinabaki! Moyo wake umeruka. Lakini kalamu imesimama kwenye mstari wa tano.

Ile Zenith yenyewe ingeweza kumfundisha. Mwaka 1975 wenye kiwanda cha Zenith, waliokuwa Chicago, waliamuru kazi ya saa za kamani ikomeshwe katika mji wa Le Locle, na mitambo iuzwe. Fundi mmoja aliyeitwa Charles Vermot aliwasihi wabadili shauri, hawakukubali. Basi taratibu alivichukua vyombo vya kutengenezea El Primero pamoja na michoro yake, akavificha darini mwa kiwanda na kuandika kila kitu mahali kilipo. Hakuuza hata kimoja, wala hakupeleka cho chote nyumbani kwake. Mwaka 1984 kiwanda kilipotaka kuanza tena kazi hiyo, kila kitu kilikuwapo. Mtu anaweza kubishana juu ya utii wake, na si vibaya kubishana. Lakini jambo moja alilitambua kuliko wenye mali: vyombo vile havikuwa chuma tu cha kupimwa kwa kilo. Vilikuwa amana ya mafundi waliotangulia kwa mafundi wajao.

Saa ya baba ni amana pia. Sokoni ni franka 400, kwa sababu soko halimjui baba. Nyumbani ina washirika wengi: ndugu mdogo wa mwalimu anayekumbuka mlio wake kitandani mwa mgonjwa, na binti aliyewahi kuuliza itakuwa ya nani. Anayeuza kitu chenye washirika bila kuwauliza ameuza na sehemu yao. Tena fedha zitakazopatikana hazitaweza kamwe kuinunua tena, hata zikizidishwa mara mia. Maana ataweza kununua Longines nyingine, si hii. Basi kipimo cha tatu: ni nani mwingine aliye na sehemu katika kitu hiki? Mwalimu akafuta mstari wa tano.

Tano: jinsi ya kuuza

Hata baada ya hapo kuna mtego mmoja uliobaki, na ndio mkali kuliko yote. Ile Omega ya zamani, iliyo nguzo ya hesabu yote, haina uso wake wa kwanza. Miaka mingi iliyopita fundi aliuondoa uso uliochakaa akatia mwingine mpya. Saa inakwenda vizuri, asiyejua hataona. Lakini kwa wakusanyaji uso wa asili ndio roho ya bei. Tazama jambo lililotokea New York tarehe 26 Oktoba 2017: Rolex Daytona iliyokuwa ya Paul Newman, mchezaji wa sinema, iliuzwa mnadani kwa dola 17,752,500, na hata saa nyingine za namna hiyo, zisizokuwa zake, huuzwa ghali mara nyingi kuliko dada zao kwa sababu ya uso tu. Mnunuzi wa Omega hakuuliza. Akiambiwa kweli, atatoa 4,500, wala si 7,000.

Je, muuzaji analazimika kusema asiloulizwa? Swali hilo ni la kale. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeleta nafaka kutoka Aleksandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Alijua kwamba merikebu nyingine nyingi zimo njiani. Je, awaambie watu, au anyamaze auze ghali? Wenye hekima wawili walibishana, na Cicero mwenyewe alihukumu kwamba haikumpasa kuficha. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, alipokuwa akichunguza udanganyifu wa biashara, hakumbana mwenye nafaka kiasi hicho: kuuza kwa bei iliyopo sokoni si kosa la haki, ingawa kutangaza habari au kupunguza bei kungekuwa wema mkubwa zaidi. Lakini juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe alikuwa mkali: muuzaji anapaswa kuifunua, ikiwa yule anayenunua ataletewa hasara au hatari. Na uso wa Omega ni kasoro ya ndani ya kitu, si habari ya merikebu iliyo baharini. Kunyamaza hapo ni kusema uwongo kwa mdomo uliofungwa.

Tena fikiri, msomaji: kama mwalimu angenyamaza, franka 2,500 za mtu mwingine zingekaa ndani ya saa ya ndoto yake. Kila mara atakapoitazama ajue wakati, ingemwambia na jambo lingine.

Hatima ya shauri

Basi mwalimu alisema kweli, akapokea 4,500. Zenith, Tudor na Seiko zikauzwa kwa bei zilizoandikwa. Jumla ikawa franka 12,600, na upungufu 2,900. Katika akiba ya nyumba fedha hizo zilikuwapo, lakini zilikuwa za masomo ya binti, na hakuzigusa. Ile Swatch ya franka 30 alimpa mwanawe, aliyekuwa akiulizia saa kila asubuhi. Newman naye alifanya hivyo: mwaka 1984 alimpa Daytona yake kijana mmoja, rafiki wa binti yake, kwa sababu kijana hakuwa na saa. Saa iliyokuja kupata bei kubwa namna ile, wakati wake ilitolewa bure ili mtu ajue wakati tu.

Saa ya dirishani ikanunuliwa na mwingine. Mwalimu alifundisha masomo ya jioni miaka miwili, na mkononi mwake akavaa Longines ya baba, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Fedha zilipotimia akapata Calatrava ya pili, akainunua. Na asionewe haya kwa hilo. Alipoifunga mkononi aliiona kuwa ndogo kidogo kuliko ile aliyoikumbuka, kwa sababu saa ya mkononi daima ni ndogo kuliko saa ya dirishani. Lakini hakuhuzunika, alikwisha kulijua hilo kabla ya kulipa. Kisanduku chenye vyumba sita alikitoa, maana hakuwa na kazi nacho tena.

Basi hukumu ni hii. Kutoa vingi kwa ajili ya kimoja ni halali kwa aliyekwisha kutimiza haki, na ni hekima kwa yule ambaye kupata kutamwachisha kutafuta. Lakini kabla ya kwenda sokoni na atenge kile ambacho si chake peke yake, na anapofika sokoni aseme kweli hata asipoulizwa. Asiyeweza kuipata ndoto yake kwa njia hiyo na angoje. Miaka miwili ya kungoja haikumdhuru mwalimu wa Lausanne. Ilimpa nafasi ya kuvaa saa ya baba yake kila siku, jambo ambalo, alipokuwa na saa sita, hakupata kulifanya.